Kaburi la Kaizari, Pishi la Agrippina

Dada zetu, Kaizari Augustus alianza kujijengea kaburi kubwa Roma mwaka 28 kabla ya Masihi, naye bado yu hai. Baadaye watu wakaligeuza ngome, kisha bustani, kisha uwanja wa kupigana na mafahali, hata ukumbi wa muziki! Majivu yake hayapo tena. Kaburi la Hadrian nalo likawa boma la mapapa, na jela humo humo.

Sisi tumevutiwa zaidi na Agrippina, mjukuu wa Augustus. Jiwe lililotiwa majivu yake (Warumi wale walichoma maiti) lilikuja kutumiwa kupimia nafaka, kama pishi letu. Wapo watakaosema amedhalilishwa. Sisi tunaona katika ukoo ule hakuna aliyepata hatima njema kumshinda. Jiwe hilo sasa limo makumbusho ya Capitoline, na jina lake bado linasomeka.