NANI AMTAZAMA DAKTARI MWANAFUNZI?



Sisi tuliozaliwa Garsen tukaja mbali kutafuta kazi ya reli, maana reli haifiki kwetu, leo twasema neno juu ya wafanyakazi wasio wa reli.

Mtu akifa mbele ya gari la moshi kwa kutaka mwenyewe, hali ya dereva twaijua. Usingizi hauji, chakula hakishuki. Tumemwona mwenzetu akiulizwa habari za mwendo na breki mpaka usiku, na asubuhi akaitwa zamu. Hakuna aliyemwuliza, "Ndugu, u hali gani?"

Basi mtazameni daktari kijana anayejifunza kutibu maradhi ya akili pale Mathari, Nairobi. Dereva hakumjua yule mtu. Daktari ameketi na mgonjwa wake miezi, ajua majina ya watoto wake, kisha siku moja aletewa habari kwamba amejiua. Na kesho yake wagonjwa wengine wamngoja mlangoni.

Wako wasemao, "Kazi aliichagua mwenyewe." Maneno hayo tuliambiwa na sisi tulipodai viatu. Hesabu iliyochapishwa Marekani mwaka 1988 ilionyesha kwamba madaktari wa akili 51 katika kila 100 walikuwa wamepoteza mgonjwa kwa njia hiyo. Basi si uzembe wa mtu mmoja. Ni hatari ya kazi, na hatari ya kazi hufundishwa kabla.

Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ilitangua kifungu cha 226, kilichoruhusu kumfunga hadi miaka miwili mtu aliyejaribu kujiua. Chama cha madaktari wa akili kilikuwa miongoni mwa walioleta kesi. Vizuri sana! Wamemtetea mgonjwa. Sasa wamtetee na mwanafunzi wao.

Wala msiseme hayo ni ya Nairobi. Mapigano ya Delta ya Tana, 2012 na 2013, yaliua watu zaidi ya 100, na waliobaki wanayo moyoni. Kutoka Garsen hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 200, na mto ukifurika njia hukatika. Daktari akivunjika moyo akiwa bado anajifunza, Garsen hatafika kamwe.

Twataka aambiwe mapema kwamba jambo hili laweza kumfika. Likimfika, mkubwa wake aketi naye siku ile ile, apumzike bila kukatwa mshahara, asiachwe kwenda peke yake kwa jamaa wa marehemu. Na uchunguzi usigeuzwe baraza la kumtafutia kosa. Walimu waliopatwa na msiba huo nao waseme wazi mbele ya wanafunzi, wasifiche kama aibu.

Twajua watajibu fedha hakuna. Kuketi na kijana saa moja ni shilingi ngapi?