Lori Dogo na Mizigo ya Haraka

Wahenga walinena kwamba haraka haraka haina baraka. Hata hivyo iko kazi mjini Nairobi ambayo riziki yake yote ni haraka, nayo ni kazi ya kuchukua mizigo ambayo ikichelewa haina thamani tena. Samaki wa Ziwa Victoria wakifika Gikomba barafu imekwisha kuyeyuka, hawana mnunuzi. Sukuma wiki ikiingia soko la Wakulima baada ya wachuuzi kwenda zao, hunyauka mikononi mwa mwenyewe. Mwenye basi lililolala Nakuru kwa kukosa kipuri kimoja hangoji mpaka wiki ijayo. Watu wa namna hii hutafuta lori dogo, nao huwa tayari kulipa zaidi kidogo ili mzigo wao ufike kwa saa waliyoitaka.

Mtaa wa Ziwani, uliojengwa katika miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, umekaa mahali panapofaa sana kwa kazi hiyo. Soko la Kariokor ni jirani yake. Gikomba na kituo cha mabasi cha Machakos haviko mbali. Maduka ya vipuri ya barabara ya Kirinyaga yako karibu, na barabara ya Thika ni hatua chache tu kwa gari. Basi si ajabu kwamba mtu wa mtaa huo aliyestaafu, au aliyejiwekea akiba kidogo kidogo, hufikiri kununua lori. Wazo ni jema. Lakini akiba ya miaka ishirini yaweza kumalizwa na lori moja katika miaka miwili, wala mwenyewe asijue ni wapi ilikopitia. Kwa hiyo yafaa mambo kadha wa kadha yapimwe kabla ya fedha kutolewa mfukoni.

Jambo la kwanza ni mzigo. Wengi huchagua gari kwanza, kisha hutoka kutafuta mzigo. Ilifaa iwe kinyume chake. Anayepeleka vipuri, dawa au mikate hahitaji zaidi ya pikapu ya tani moja, kama vile Toyota Hilux. Hiyo hupita katika vichochoro, hula mafuta machache, na ina magurudumu manne tu ya kuvishwa mipira. Anayechukua mboga, samaki au maziwa kwa wingi atataka lori la tani tatu hivi, kama Mitsubishi Fuso Canter au Isuzu NKR. Gari na lichaguliwe kwa mzigo wa siku za kawaida, wala si kwa ule mkubwa unaopatikana mara moja kwa mwezi. Siku ya mzigo mkubwa, lori la mwenzake laweza kukodiwa. Mwenye kupakia tani mbili juu ya pikapu ya tani moja huvunja sheria, na tena huvunja springi, hula breki, na huukaribisha msiba.

Jambo la pili ni vipuri na mafundi. Lori la mizigo ya haraka lililolala kwa fundi siku nne limepoteza malipo ya siku nne, na pengine wateja wanne ambao hawatarudi. Kwa sababu hiyo lori linalojulikana na kila fundi ni bora kuliko lori la ajabu lililouzwa rahisi. Malori ya Isuzu, kwa mfano, huunganishwa Nairobi kwenyewe, katika kiwanda cha kampuni ya Isuzu East Africa, iliyoitwa General Motors East Africa mpaka mwaka 2017. Kipuri cha gari lisilojulikana huenda kikaagizwa ng'ambo, na samaki hawangoji meli.

Aliye na fedha za kutosha gari kuukuu tu ana mambo yake ya kuangalia. Magari yaliyokwisha kutumika ng'ambo hayaruhusiwi kuingizwa Kenya ikiwa umri wake umepita miaka 8. Kwa lililotumika humu nchini, kitabu cha gari na kilinganishwe na kumbukumbu za Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, ijulikanayo kama NTSA, na namba ya injini na ya fremu zisomwe juu ya chuma chenyewe. Mnunuzi aende na fundi wake mwenyewe, wala si fundi aliyeletwa na mwuzaji. Chini ya gari fundi huyo atatafuta fremu iliyochomelewa, maana rangi mpya aghalabu huficha mifupa iliyovunjika.

Jambo la tatu, ambalo ndilo limewaangusha wengi, ni hesabu. Na uchukuliwe mfano wa lori la tani tatu linalokwenda Nakuru na kurudi, mwendo wa kilomita 320. Likienda kilomita 8 kwa lita moja, litatumia lita 40 za dizeli. Na lita ikiwa shilingi 170, hizo ni shilingi 6,800. Ikiwa mteja amelipa shilingi 13,000, mwenye lori asiyeandika husema, "Leo nimepata shilingi 6,200." Akalala kwa furaha.

Lakini hesabu haijaisha. Mipira sita ya shilingi 15,000 kila mmoja, ikidumu kilomita 45,000, hugharimu shilingi 2 kwa kila kilomita; safari hiyo imekula shilingi 640. Kubadili mafuta ya injini na vichujio kwa shilingi 8,000 kila kilomita 5,000 ni shilingi 512 nyingine. Dereva na taniboi, shilingi 2,500. Bima, ukaguzi na leseni zikiwa shilingi 125,000 kwa mwaka, na lori likifanya kazi siku 250, kila siku yadai shilingi 500. Tena, lori lililonunuliwa kwa shilingi 1,600,000, likiuzwa baada ya miaka mitano kwa shilingi 600,000, limechakaa kwa shilingi 800 kila siku ya kazi. Jumla ya gharama ni shilingi 11,752. Faida iliyobaki ni shilingi 1,248, wala si 6,200.

Bei hubadilika, kwani hata bei ya mafuta hutangazwa upya kila mwezi. Lakini njia ya kuhesabu haibadiliki. Zile takriban shilingi elfu tano za katikati si za kula. Ni mipira ya mwakani, ni bima ya mwakani, ni lori la kesho. Mwenye kuzila amelila lori lenyewe kipande kipande, naye atashtuka siku mipira itakapokwisha na mfukoni hamna kitu. Daftari la shilingi chache lingalimwokoa.

Jambo la nne ni kutoegemea mzigo mmoja. Hakuna mzigo wa haraka unaojulikana Kenya kuliko miraa. Hukatwa katika milima ya Nyambene, hufungwa kwa majani ya migomba usikauke, kisha hupelekwa mbio kutoka Maua mpaka Nairobi, karibu kilomita 300, kwa kuwa nguvu yake hupungua sana katika muda wa siku mbili. Biashara hiyo iliwatajirisha wengi. Lakini Uholanzi iliipiga marufuku mwaka 2013, Uingereza ikafuata mwezi wa Juni 2014, na Somalia ikaufunga mlango wake tangu Machi 2020 mpaka Julai 2022. Mwenye pikapu aliyekuwa na deni la benki na mzigo wa namna moja tu, alibaki na deni bila mzigo. Mwenye wateja wa namna tatu, mlango mmoja ukifungwa, hupita kwa mwingine.

Mwisho, na kubwa kuliko yote, ni dereva. Wako wenye malori wadhanio kuwa haraka hutoka katika mguu wa dereva. Na ihesabiwe. Kutoka Nairobi mpaka Nakuru ni karibu kilomita 160. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa ni saa mbili. Kwa mwendo wa 100 ni saa moja na dakika 36. Roho ya mtu imetiwa rehani kwa dakika 24 tu, na kwenye mteremko wa Bonde la Ufa breki zilizopata moto hazina huruma. Kumbe saa nzima ilikuwa imepotea asubuhi kwa kutafuta turubai, kungoja wachukuzi, na kupiga foleni ya mafuta. Lori lililojazwa mafuta usiku, mipira ikapimwa, kamba zikakunjwa na karatasi zikawekwa tayari, hufika mapema bila kukimbia. Sheria ya Kenya yakataza dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 katika saa 24. Kwa hiyo safari ndefu na ipangiwe madereva wawili, au usiku wa kulala, na mteja aambiwe hivyo tangu mwanzo.

Watu wa Ziwani wana ukumbusho wa jambo hili mlangoni pao. Jina la Kariokor latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918. Wapagazi Waafrika walichukua mizigo ya majeshi kwa vichwa na mabega, na makumi ya maelfu yao wakafa, wengi kwa maradhi na njaa, kwa kuwa waliowatuma walihesabu mizigo kwa bidii kuliko walivyowahesabu watu. Siku hizi mzigo umewekwa juu ya magurudumu, lakini mchukuzi angali ni mtu. Mwenye lori anayemwacha dereva wake alale, amekwisha kuihifadhi mali yake pia.