Rili ya Bei Rahisi Ilinikulia Wikendi

Wasee, acha niseme ukweli. Beitikasta yangu ya kwanza nilinunua mtandaoni kwa elfu tatu na mia tano. Tangazo lilisema iko na beringi 18, nikaona hiyo ni dili. Nikaibeba hadi Naivasha kutafuta samaki wa bass. Nilirusha mara moja tu, asubuhi yote ikaisha nikifungua mafundo.

Shida ni hii. Kwa beitikasta, bobini yenyewe huzunguka ukirusha. Chambo kikigusa maji kinasimama, lakini bobini bado inakimbia, na mshipi unajikunjakunja humo ndani kama kiota cha ndege. Cha kuizuia ni breki na kidole gumba chako. Breki ya yangu ilikuwa pambo tu, na kidole changu hakikuwa kinajua kazi.

Kwa hivyo kama bajeti ni ndogo, achana na beitikasta kwanza. Hiyo pesa inakupa rili ya spini ya maana, na hata chambo chepesi inarusha bila drama. Ukijipanga, ndio urudi. Na ukirudi, beringi usihesabu. Uliza breki inarekebishwa aje. Angalia mkono wa kuzungushia uko upande gani, kwa sababu kwa beitikasta nyingi hauhamishiki. Kasi ya 6.3:1 hivi inatosha kazi nyingi, usiuziwe ya 8 eti ndio ya mapro.

Yangu iko kwa droo. Anayeitaka aseme, lakini waranti hakuna.