Neno la Mhariri: Ruhusa ya Kuugua

Aghalabu tunapoizungumzia siha ya mfanyakazi hapa Morogoro, fikira zetu hukimbilia mambo yaonekanayo kwa macho: vumbi la mkonge katika chumba cha brashi, harufu ya ngozi mbichi kiwandani, jua la mashamba ya miwa ya Mtibwa na Kilombero. Hayo yote ni kweli, na toleo hili halikuyasahau. Lakini yako madhara mengine yasiyopimwa kwa chombo, nayo ni yale yatokayo kwa mtu aliyepewa mamlaka juu ya wenziwe, ambaye kwa ulimi wake aweza kumpa nafuu aliye chini yake au kumzidishia maradhi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imempa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika kila mzunguko wa miezi 36, 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zilizosalia kwa nusu mshahara, maadamu ana cheti cha tabibu. Sasa mtazame mama achambuaye tumbaku ghalani, kipande cha kanga amekifunga puani, kifua kimembana tangu juzi. Ili apate cheti, sharti aende zahanati, ili aende zahanati, sharti aombe ruhusa kwa msimamizi, mbele ya wenziwe, na ikiwa msimamizi huyo ana desturi ya kujibu kwa sauti, "Wewe kila siku mgonjwa, kwani hapa hospitali?", basi mama yule atanyamaza, atachambua hadi jioni, na zile siku 126 zitabaki kitabuni kana kwamba hazikuandikwa kwa ajili yake. Kilichomzuilia dawa ni hofu na haya.

Huko London, mtafiti Michael Marmot na wenzake waliwachunguza watumishi wa serikali kwa miaka mingi, watu wasiokuwa mafukara, wakaona kwamba kadiri cheo kilivyoshuka ndivyo vifo vya maradhi ya moyo vilivyozidi, na kwamba miongoni mwa sababu zake ni mtu kutokuwa na kauli juu ya kazi yake mwenyewe. Adha ya kutokuwa na kauli, Waluguru wa Matombo waliionja zamani, pale walipoamriwa na serikali ya kikoloni kuchimba matuta ya ngazi katika miteremko ya milima yao, kazi ya sulubu iliyouleta juu udongo usio na rutuba. Malalamiko yao hayakusikizwa, hata mwaka 1955 ghasia zikazuka na mpango ukavunjika.

Hata baada ya uhuru, Mwongozo wa TANU, chama kilichotawala wakati huo, wa mwaka 1971 ulikataza waziwazi kiongozi kuwa na majivuno, dharau na uonevu, na wafanyakazi wakauchukua kwa dhati. Profesa Issa Shivji, mzaliwa wa Kilosa, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1976 jinsi migomo mingi iliyofuata ilivyotokana zaidi na kudhalilishwa na wakubwa wa kazi kuliko na madai ya mishahara. Nasikitika kwamba kadhia ile ya migomo tumeihesabu kuwa ya siasa peke yake, ilhali ilikuwa pia kadhia ya afya.

Wako watakaosema kwamba kiwanda hakiendeshwi kwa upole. Ukali una mahali pake: msimamizi amkemee asiyevaa glavu mbele ya mashine, na kemeo hilo ni rehema. Lakini ukali unaomfanya mgonjwa afiche homa yake na kushika mashine kwa mikono inayotetemeka ni dhuluma, na hata hasara kwa mwenye mali.

Kwa hiyo twaomba jambo moja mahsusi. Wakaguzi wa usalama na afya mahali pa kazi, wafikapo kupima vumbi na kelele chini ya sheria ya mwaka 2003, wakae pia na wafanyakazi faraghani, msimamizi akiwa mbali, wawaulize jinsi ruhusa ya kwenda kutibiwa inavyoombwa na jinsi inavyojibiwa. Na majibu hayo yaandikwe katika ripoti ile ile, mwajiri atakiwe kuyarekebisha kwa muda uliowekwa, kama atakiwavyo kurekebisha mashine isiyo na kinga.