Tuwafunze Wanafunzi Kuutawala Mwanga wa Kitabu

Tangu jadi, mwalimu aliyemfunza mtoto kusoma alimfunza pia mahali pa kuketi: karibu na dirisha mchana, karibu na taa usiku. Kitabu cha karatasi hakina nuru yake. Huazima ya jua au ya koroboi. Kitabu kilichomo katika simu au kishikwambi huja na nuru yake chenyewe, na anayepaswa kuipima ni msomaji. Stadi hii ni nadra kusikika ikifunzwa darasani.

Wapo watakaosema kwamba hili ni jambo dogo. La hasha! Mpango wa Serikali wa kusambaza vishikwambi katika shule za msingi ulianza mwaka wa 2016, na leo wanafunzi husoma hata vitabu vya fasihi katika simu za wazazi. Mwanafunzi anayesoma gizani, skrini ikiwaka kwa ukali wake wote, huchoka macho na kuumwa na kichwa. Mwishowe hukichukia kitabu, ilhali kosa ni la mwanga.

Ukweli usemwe pasipo kutiwa chumvi. Chama cha madaktari wa macho cha Marekani kinaeleza kwamba hakuna ushahidi kuwa mwanga wa samawati wa skrini huharibu macho. Kinachoyachosha zaidi ni kukodoa bila kupepesa. Usingizi, hata hivyo, una habari yake. Katika utafiti uliofanyiwa Boston na kuchapishwa mwaka wa 2015, watu 12 walisoma kwa saa nne kabla ya kulala, siku kadhaa katika kishikwambi chenye mwanga mkali kabisa na siku nyingine katika vitabu vya karatasi. Walipotumia kishikwambi, walichelewa kusinzia kwa takriban dakika 10, na asubuhi waliamka wazito.

Kanuni yenyewe ni nyepesi. Weka karatasi nyeupe kando ya skrini. Iwapo skrini inang'aa kama taa, punguza mwanga. Iwapo inaonekana kama kijivu, ongeza. Programu nyingi za kusomea vitabu zina kidhibiti hicho, aghalabu chenye alama ya jua, pamoja na ukurasa wa rangi hafifu unaofaa usiku. Kila baada ya dakika 20, tazama kitu kilicho mbali, kiasi cha mita sita, kwa sekunde 20. Isitoshe, mwanga uliopunguzwa huokoa betri, jambo lisilo dogo pale ambapo umeme ni wa kubahatisha.

Yafaa basi walimu watenge dakika tano za kipindi cha kwanza kufunza jambo hili, tena kwa Kiswahili, kwani mwanafunzi hawezi kukitumia vyema kidhibiti ambacho hajui jina wala kazi yake. Kila chombo kwa wimbile, na wimbi la chombo hiki ni mwanga.