Tsunami Bila Tetemeko

Anayedai kwamba pasipo tetemeko hapana tsunami ametazama sakafu ya bahari, akasahau kutazama juu. Machi 31, 1979, maji yalipanda na kushuka kwa karibu mita 5 mwishoni mwa Ghuba ya Nagasaki, Japani. Ardhi haikutikisika.

Chanzo kilikuwa badiliko dogo la mgandamizo wa hewa, takriban hektopaskali 3, ambalo peke yake lingeinua maji sentimita 3 tu. Lakini lilivuka Bahari ya China Mashariki kwa kilomita 110 hivi kwa saa, karibu sawa na kasi ya mawimbi marefu katika kina kile. Hewa na wimbi vikaenda sambamba, wimbi likazidi kukua, kama bembea inayosukumwa kwa wakati wake. Ghuba nyembamba ikamalizia kazi.

Atasema hiyo ni dhoruba tu? La. Dhoruba huinua maji kwa saa nyingi. Mawimbi haya huja na kurudi kwa dakika. Nagasaki huyaita abiki.

Kuwaambia watu wa pwani watulie kwa kuwa ardhi imetulia ni kuwahatarisha. Maji yakipwa ghafla, kimbia kwanza. Chanzo utauliza ukiwa mlimani.