Shibe Siyo Lishe: Tunakula, Lakini Je, Tunalishwa?

MJADALA wa chakula katika nchi hii aghalabu huanzia kwenye bei ya unga na kuishia papo hapo. Pakiti ya kilo mbili ikipanda bei, taifa zima hupaza sauti. Ikishuka, wanasiasa hujipiga vifua nasi hunyamaza hadi kiangazi kijacho. Mnamo Juni 2024, pendekezo la kuutoza mkate kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 liliondolewa hata kabla ya Mswada wa Fedha wenyewe kutupiliwa mbali. Sina nia ya kuibeza hasira ya wananchi. Unga na mkate ndivyo vinavyomtenga Mkenya wa kawaida na njaa. Hata hivyo, naona kwamba mjadala huo una kasoro moja kubwa: unazungumzia tumbo kujaa, hauzungumzii mwili kulishwa.

Mimi si mtaalamu wa lishe. Kazi yangu ni kufundisha isimu, na yamkini msomaji atauliza mwanaisimu ana lipi la kusema kuhusu vyungu vya watu. Ninalo. Kutokana na kitenzi kula tumepata chakula, mlo, mlaji na ulaji. Kutokana na kulisha tumepata lishe na malisho. Shibe, kwa upande wake, ina mzizi wake mbali kabisa. Lugha yenyewe, basi, ilikwisha kutenganisha hali ya tumbo kutulia na hali ya mwili kupata unachohitaji. Sisi wasemaji ndio tuliozichanganya.

Tazama tunavyojibu swali jepesi kabisa: "Umekula?" Katika sehemu nyingi za magharibi mwa Kenya, mtu aliyekula viazi vitamu, maziwa ya mgando na ndizi mbivu atakujibu bila kusita kwamba hajala, ameshikiza tumbo tu. Hajala kwa sababu hajaona ugali. Kwingineko ugali huo nafasi yake hushikwa na wali au githeri, lakini mantiki ni ile ile. Chakula kimoja kimetawazwa kuwa ndicho chakula, na vinginevyo vyote vikafanywa kitoweo, yaani cha kutowea, cha kuteremshia tonge. Matokeo yake huonekana sahanini: mlima wa ugali na kijisehemu cha mboga kando yake, mfano wa kichaka kilichosahauliwa na wakata kuni.

Tusidhani kwamba hili ni suala la maneno matupu. Shirika la Afya Duniani hupendekeza kwamba mtu ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, kiasi ambacho hugawanywa katika sehemu tano. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu maradhi yasiyoambukiza ulionyesha kwamba asilimia 94 ya Wakenya watu wazima hawakufikia kiwango hicho. Kwa upande wa watoto, tumepiga hatua ambayo sharti tuikiri: idadi ya walio chini ya miaka mitano waliodumaa ilishuka kutoka asilimia 35 mnamo 2008-09 hadi 26 mnamo 2014, na kufikia 18 mnamo 2022. Lakini katika uchunguzi huo huo wa 2014, thuluthi moja ya wanawake walio katika umri wa kuzaa walikuwa na uzani uliopita kiasi. Yaani jamii moja, pengine hata nyumba moja, inaweza kuwa na mtoto aliyedumaa na mama anayenyemelewa na kisukari na shinikizo la damu. Wote wawili wameshiba.

Huu ugali tunaouapia, kwani, una asili gani? Mahindi hayakuota hapa tangu jadi. Asili yake ni Amerika, na yaliletwa katika pwani yetu katika enzi ya Wareno. Jina lenyewe linatuchekesha, kwa maana linaelekeza Uhindi ilhali mmea huo haukutoka Uhindi. Wenyeji waliuita kwa kuwadhania walioufikisha. (Waitaliano nao huita mahindi nafaka ya Kituruki, kwa hiyo tusijione wajinga peke yetu.) Kabla ya hapo wahenga wetu walikula mtama, wimbi na mawele. Kisha ukaja utawala wa kikoloni, na mashamba ya walowezi yakahitaji vibarua waliolishwa kwa gharama ndogo. Unga wa mahindi ndio uliopimwa na kugawiwa kama posho. Neno hilo lingali vinywani mwetu: tunapeleka mahindi kwenye kinu cha posho, na jirani zetu wa Uganda huuita ugali wenyewe posho. Nchini Tanzania posho ni malipo ya vikao, wanayopewa hata waheshimiwa wabunge. Ni dhahiri kwamba posho nazo zina matabaka.

Kile kinu cha mtaani, angalau, husaga punje nzima. Viwanda vikubwa huondoa kapi na kiini ili unga utoke mweupe pe, na weupe huo ndio unaotufanya tuuite wa gredi ya kwanza. Kumbe humo katika kapi na kiini ndimo zilimokuwa nyuzinyuzi, mafuta na sehemu kubwa ya vitamini za kundi B. Pumba huuzwa zikalishwa ng'ombe na nguruwe. Tangu mwaka 2012 sheria imevilazimu viwanda kuurudishia unga vitamini na madini, yakiwamo madini ya chuma na zinki. Ni sheria njema na sina ugomvi nayo, ila nashangaa kwamba tunalipa ili tuondolewe kitu, kisha tunalipa tena ili turudishiwe baadhi yake. Wala simhimizi mtu akimbilie kusagisha mahindi yoyote yale. Mwaka 2004 watu 125 walifariki katika eneo la mashariki mwa nchi kutokana na sumukuvu iliyokuwa katika mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Punje isiyokauka sawasawa ni hatari, iwe ya gredi au ya posho.

Sasa nije kwenye mboga, ambako nadhani lugha imetudhuru zaidi. Niliwahi kuwaomba wanafunzi wangu wa semantiki waandike majina ya mboga za majani katika lugha zao za mama. Waliolelewa mashambani waliandika bila shida. Mmoja kutoka Kisii alitaja chinsaga na rinagu. Mwenzake kutoka Siaya akazitambua mara moja kuwa dek na osuga. Mimi nikawaambia kwamba Kiswahili huziita mwangani na mnavu, na darasa zima likacheka kwa kuwa hakuna aliyewahi kuyasikia maneno hayo. Waliolelewa mijini waliandika sukuma wiki, kabichi na spinachi, kisha wakaweka kalamu chini. Hakuna hata moja kati ya hizo tatu iliyo na asili ya hapa. Sukuma wiki, kwa hakika, si jina la mboga. Ni taarifa ya uchumi: mshahara umekwisha, wiki ingalipo, basi na isukumwe.

Zile nyingine tuliziita mboga za kienyeji, na kwa miaka mingi "kienyeji" lilikuwa neno la dharau. Tulisema mambo ya kienyeji, tukikusudia ushamba. Wakulima walifundishwa kuzing'oa kama magugu. Leo neno hilo linapanda ngazi. Kuku wa kienyeji huuzwa ghali kuliko wa gredi, na mnavu umeingia madukani ukiwa umefungwa vizuri. Wanaisimu hulifahamu badiliko kama hili la maana kupanda hadhi, lakini halikutokea lenyewe. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia ameitumia sehemu kubwa ya maisha yake ya kitaaluma kuzitafiti mboga hizi. Patrick Maundu, mtaalamu wa mimea na utamaduni, amezikusanya habari zake kwa miongo kadhaa. Na mwaka 2021 UNESCO iliutambua mradi wa Kenya wa kuhifadhi vyakula vya kiasili kuwa mfano mwema wa uhifadhi wa turathi. Katika nchi ambayo maprofesa husifiwa kwa kuingia siasa, hawa wamejipatia sifa kwa mnavu na kunde. Nawaonea fahari.

Kwa wanafunzi wa shule za bweni, najua mnachosubiri niseme kuhusu githeri. Nitasema. Chakula hicho mnachokitungia mizaha ni mojawapo ya michanganyiko ya busara iliyowahi kupikwa. Protini ya mahindi ina upungufu wa laisini, ambayo ni mojawapo ya asidi za amino ambazo mwili hauwezi kujitengenezea. Maharagwe yana laisini kwa wingi, ila ni haba wa methionini, ambayo mahindi yanayo. Kimoja kinaziba pengo la kingine. Wazee waliovikutanisha chunguni hawakuwa na maabara. Kosa si la githeri. Kosa ni la jiko linaloipika bila kitunguu, bila nyanya, bila mboga ya majani, likaipakua ikielea katika maji ya chumvi. Mwanafunzi naye huisukuma kando akaenda kantini kununua mandazi na soda. Chupa ya mililita 300 ya soda ya kawaida ina sukari ya vijiko saba au vinane vya chai. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2015 kwamba mtu mzima asizidi vijiko 12 hivi kwa siku nzima, na ikiwezekana apunguze hadi sita. Hesabu hiyo naiacha kwa walimu wa hisabati.

Nao walimu nina neno nao. Katika vyumba vingi vya walimu nilivyotembelea, chai hunywewa papo kwa papo na chakula cha mchana. Chai ina tanini, ambazo huuzuia mwili kunyonya madini ya chuma yaliyomo katika maharagwe na mboga. Ukiiahirisha kwa muda wa saa moja hivi, na badala yake ukala chungwa au ukakamulia limau mbogani, madini yale yale hunyonywa vizuri zaidi. Hapa hapahitajiki bajeti mpya wala semina.

Hapa bila shaka kuna atakayenipinga: mhadhiri aliyeshiba anawahubiria wenye njaa. Pingamizi hilo ni zito, wala halijibiki kwa mafumbo. Makadirio ya mashirika ya Umoja wa Mataifa yanaonyesha kwamba zaidi ya nusu ya Wakenya hawamudu gharama ya mlo kamili. Kibarua anayelipwa kwa kutwa hanunui wanga kwa kutojua maana ya vitamini. Ananunua wanga kwa sababu wanga ndio unaomfikisha jioni. Kumwambia ale matunda matatu kwa siku ni kumkejeli. Ndiyo maana naamini kwamba mzigo huu hauwezi kuachiwa mfuko wa mtu mmoja mmoja. Jiji la Nairobi lilianzisha mpango wa Dishi na County mwaka 2023, ambapo mtoto hulipa shilingi tano akapata chakula cha mchana kilichopikwa katika jiko kuu. Unaweza kuukosoa upendavyo, lakini mtoto wa Mathare au Dagoretti anapata wali na maharagwe mezani, si mhadhara. Wazee wenzangu watakumbuka maziwa ya Nyayo yaliyoanza mwaka 1979, na jinsi mpango huo ulivyofifia kimyakimya. Hofu yangu ni kwamba mipango hii huanzishwa kwa majina ya viongozi na hufa pamoja na vipindi vyao.

Hata hivyo umaskini haueleza kila kitu. Dagaa, au omena, ni miongoni mwa vyakula vya bei nafuu vyenye protini na kalisiamu tele, maana huliwa pamoja na mifupa yake. Sehemu kubwa ya omena wanaovuliwa katika Ziwa Viktoria huishia katika chakula cha kuku. Tunamlisha kuku samaki, kisha tunasubiri sikukuu tumle kuku.

Lililobaki ni haki ya kujua. Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Ibara ya 43 inampa kila mtu haki ya chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Ya 46 inampa mnunuzi haki ya kupewa habari anazohitaji. Ya 53 inampa kila mtoto haki ya lishe. Sasa ingia katika duka lolote, uchukue pakiti ya biskuti au kikopo cha siagi, uugeuze upande wa nyuma. Mbele utaona Kiswahili kitamu cha matangazo, chenye herufi kubwa na picha ya familia inayotabasamu. Nyuma, penye kiasi cha sukari, chumvi na mafuta, aghalabu utakuta Kiingereza kitupu kwa herufi za kuchosha macho. Kampuni hizo zinakijua Kiswahili. Zimechagua tu pa kukitumia. Nchini Chile, tangu mwaka 2016, chakula chenye sukari, chumvi au mafuta kupita kiasi hubandikwa alama nyeusi yenye pembe nane upande wa mbele, na hata asiyejua kusoma huitambua.

Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wa kitaifa wa mlo bora mwaka 2017. Nakala niliyo nayo ni ya Kiingereza, nayo ni kazi nzuri inayostahili kuwafikia mama mboga na wapishi wa shule kwa lugha wanayouzia na kupikia. Istilahi si kisingizio, kwa sababu wanga, protini, nyuzinyuzi na madini yamo katika vitabu vya shule za msingi. Mwalimu wa Kiswahili anayetafuta kifungu cha ufahamu kwa muhula ujao anaweza kuwaagiza wanafunzi wake walete pakiti tupu kutoka nyumbani, waifasiri sehemu ya nyuma, kisha waende nayo jikoni kwa mpishi.